Mabawa Yasiyo na Muhuri

Ndugu zangu wa atelie,

Siku niliyokuja kurudisha funguo, mmoja wenu alinionyesha yale mabawa mawili ya karatasi yaliyo juu ya kabati la gundi, akaniuliza kama ni takataka. Mlihitaji nafasi ya kuweka mbao za vitanda. Nilisema nitajibu, nikatoka kunywa chai, na sikurudi. Ndivyo nilivyo: nikiulizwa jambo zito, kwanza natafuta mlango. Sasa nimekaa chini nijibu, na jibu halitakuwa fupi.

Mnaniita mustaafu. Ni neno kubwa kwa mtu ambaye hajafika hata miaka hamsini. Wengine wanastaafu kwa kuwa wamechoka; mimi nimestaafu kwa kuwa kazi yangu imekufa mbele yangu. Sehemu ya ndege ndogo za mbao na karatasi imefungwa, na mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kupunguza uzito hawezi kuanza leo kutengeneza vitanda vya kubeba watu wazima wawili na watoto wao. Niliwaambia wakubwa hivyo. Walicheka, kisha wakasaini.

Niliingia atelie ya Muhumba, karakana yetu hii ya mbao, mara baada ya sekondari, wakati nchi ilikuwa imebadilishwa jina si zamani na sisi wenyewe tulikuwa tunaambiwa tubadilishe yetu. Nilikuwa na ufundi mdogo wa mbao na Kifaransa kingi. Asubuhi ya kwanza nilitegemea kupewa randa. Badala yake nilipelekwa kwenye chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama ziwa, kwa Papa Cirhuza, mkuu wa sehemu ya ndege. Alikuwa mtu mfupi, mwenye vidole vinene kama vya muuza nyama. Alinipa ubavu mmoja wa bawa, kipande cha mti chembamba kama ganda la kitunguu.

"Shika," alisema.

Nilishika, ukavunjika.

"Umeshika sawa na mulango. Hii haiko mulango. Hii iko kitu inataka kwenda. Shika tena."

Akanipa wa pili. Nao ukavunjika. Mafundi wa upande wa viti walikuwa wamekuja mlangoni kuangalia.

"Mupatie nyundo, Papa," mmoja alisema, "amalize zote mara moja."

"Ngoja," Papa Cirhuza alijibu bila kugeuka. "Weye ulivunja ngapi kabla nikufukuze uende kwa viti?"

Wakaenda zao. Wa tatu niliushika hadi saa ya chakula, na jioni mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi kwa kushika kitu kisicho na uzito. Hilo ndilo somo la kwanza nililopata katika kazi hii, na sijui kama liliwahi kunisaidia mahali pengine. Sahani za nyumbani naziangusha kama kila mtu.

Kwa ninyi ambao hamkuziona zikiruka: ndege zetu hazikuwa na waya wala redio. Ukiiachia, kazi yako imeisha. Kinachobaki ni kutembea nyuma yake na kutumaini. Tumboni mna mkanda wa elastiki, unaoukunja kwa mashine ya mkono ya kutobolea mbao mpaka ujae mafundo. Ukiachia, elastiki inajikunjua, elisi, lile pangaboi la mbele, inazunguka, ndege inapanda kwa mzunguko kama anayepanda ngazi ya mnara. Nguvu ikiisha, elisi inajilaza ubavuni na ndege inaelea. Siku ya mashindano, mtu mwenye krono, saa ya kupimia sekunde, anahesabu hadi iguse ardhi. Kuna kikomo cha dakika. Zinazozidi kikomo haziandikwi.

Kwa hiyo kulikuwa na utambi. Ni uzi wa pamba uliolowekwa dawa na kukaushwa, unaochomekwa mkiani na kuwashwa kabla ya kurusha. Unaungua polepole, bila moto wa kuonekana. Ukifika kwenye kipande cha mpira kilichoushika mkia, unakikata, mkia unaruka juu, na ndege inashuka wima, taratibu, kama muzee anayekaa kwenye kiti. Bila utambi, ndege nzuri ikikuta hewa ya moto inapanda nayo, na hutaiona tena. Wageni walidhani shida yetu ni ndege kuanguka. Shida yetu ilikuwa ndege kukataa kuanguka.

Mti tulioutumia ulikuwa parasolie, tulioutafuta kando ya barabara ya Katana, kwenye mashamba yaliyoachwa, kwa kuwa unaota upesi na ni mwepesi. Ulikaushwa juu ya dari mwaka mzima. Karatasi ya kufunika mabawa ilitoka Ulaya wakati mapadri wa zamani wa atelie walikuwapo. Walipoondoka, tulitumia ile inayofungiwa vitu vya kuvunjika, tukiinyosha kwa pasi isiyo ya moto sana. Unaibandika ikiwa imelegea, unaipulizia maji kwa mdomo, na ikikauka inajivuta yenyewe mpaka ukiigonga kwa kidole inalia. Kazi hiyo ya karatasi ndiyo iliyonishinda kuliko zote. Bukavu mvua haikuulizi ratiba yako. Mara nyingi nilifunika bawa vizuri asubuhi, nikalikuta jioni limenywea kama shavu la mgonjwa. Elastiki ya Ulaya nayo ilipoisha, tulikata mpira wa ndani wa tairi. Ulinuka, ulikuwa mzito, na ulikatika wakati unaohitaji usikatike.

Na sheria zilikuwa zinabadilika. Mambo haya lazima niyaandike, kwa maana vijana wengi wanadhani sheria ni kitu kilichokuwapo tangu mwanzo, kama mlima. Kila ndege zilipozidi kuwa nzuri, kamati ya mashindano kule Kinshasa ilitutumia karatasi ya kuzifanya zisiwe nzuri. Kwanza walipunguza elastiki. Halafu wakashusha kikomo cha dakika. Halafu wakaweka uzito ambao ndege haiwezi kupungua chini yake, hata sisi tuliojifunza kuogopa gramu tukawa tunabandika madini ya risasi ndani ya pua ya ndege. Mafundi walilalamika. Papa Cirhuza hakulalamika. Alisoma, akakunja karatasi, akasema, "Bon. Tunaanza tena," akachukua wembe.

Kulikuwa pia na sheria ya majina. Ndege yake ya zamani iliandikwa Mtakatifu Sesilia ubavuni. Vijana wa Chama walipopita atelie, walisema ndege ya mzalendo haiwezi kubeba jina la kigeni. Papa alikwangua rangi, akaandika Nsimire, jina la mke wake. Tangu hapo ndege zake zote ziliitwa hivyo, moja baada ya nyingine. Maman Nsimire alikuwa muuza vitambaa wa soko la Kadutu, mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. Aliposikia, alikuja atelie kuangalia mwenyewe.

"Zamani ulikuwa na mutakatifu," alimwambia mumewe mbele yetu sote. "Leo uko na mie. Umeshuka."

"Sijashuka. Ile ya mutakatifu ilianguka ndani ya maji. Yako itaruka."

"Itaruka na chakula utapika weye."

Sasa nifike kwenye muhuri. Sheria moja ilikuwa ya zamani kuliko zote, na haikutoka Kinshasa pekee. Dunia nzima ya watu wa ndege hizi iliifuata: anayerusha ndiye aliyejenga. Huwezi kununua, huwezi kujengewa. Kwetu Papa Cirhuza aliifanya iwe desturi. Asubuhi ya mashindano, kila mrushaji alikuja mezani, akaweka kiganja juu ya bawa. Aliyekaa mezani aliuliza: "Mukono ya nani?" Mrushaji alijibu: "Yangu." Ndipo muhuri wa atelie ulipigwa kwenye karatasi ya bawa, karibu na kiganja. Basi. Watu wazima, walimu, makanika, makarani wa forodha, walisimama pale wakajibu kama wanaobatizwa. Nimeona watu wanaosema uongo kwa wake zao na kwa mapadri. Mezani pale sikuona hata mmoja akisema uongo.

Kesi ngumu kuliko zote niliyoiona ilikuwa ya Bisimwa. Alikuwa muuguzi, anatoka Katana, mrefu, mwenye kusema kwa sauti ya chini. Alifika uwanjani na ndege ambayo ilifanya tuache kunywa chai. Mabawa yake yalikuwa yamefunikwa bila mkunjo hata mmoja; karatasi ilikaa kama ngozi. Papa mwenyewe alikuwa mezani, mimi nikishika kidau cha wino.

"Mukono ya nani?"

Bisimwa aliinua kiganja kidogo. "Yangu, Papa. Na ya mudogo wangu."

"Mudogo wako alifanya nini?"

"Mabawa. Iko mugonjwa. Haweze kusimama, lakini mikono iko muzuri. Nilimupelekea mbao na karatasi pa kitanda. Alisema nikuje nirushe, nirudi nimuambie ilienda aje."

Papa aliangalia bawa kwa muda mrefu. Aliligonga kwa ukucha, likalia.

"Hii kazi iko muzuri kuliko yangu," alisema. "Lakini leo haurushi."

"Papa—"

"Nikikuachia weye, kesho mwingine atakuja na ndege ya fundi wa kulipa, ataniambia fundi pia alikuwa mugonjwa. Mudogo wako apone, akuje yeye mwenyewe, nitamupokea na mikono mbili."

Bisimwa hakubishana. Nilimsindikiza mpaka kwenye kamioni, lori la kurudi Katana. Alipanda nyuma, juu ya magunia ya makaa, akashika ndege juu ya kichwa chake ili watu wasiikanyage. Niliwaza kwamba angeweza kuirusha pale pale barabarani, nje ya mashindano, apate la kumwambia mdogo wake. Nafikiri hata yeye aliwaza. Lakini ndege ambayo imekataliwa mezani inakuwa nzito.

Mdogo wake alikufa kabla ya mashindano yaliyofuata. Papa Cirhuza aliposikia, alivua tablie, aproni yake ya kazi, akaenda Katana, na mimi nikamfuata. Matanga yalikuwa yamejaa watu wa parokia. Bisimwa alimpa Papa kiti, akamletea bia, akakaa karibu naye. Hakuna aliyezungumza juu ya ndege. Tuliporudi, njia nzima Papa alisema neno moja tu, na lilikuwa juu ya matope.

Bisimwa aliendelea kuja kila mwaka na ndege zake mpya, zilizofunikwa na yeye mwenyewe, vibaya. Aliweka kiganja, akasema "Yangu," akapigiwa muhuri, akarusha, akashindwa, akaaga kwa heshima.

Miaka iliyofuata mimi sikukaa. Nilitumwa Uvira kufundisha, nikaenda Kalemie bila kutumwa, nikaishi Goma, nikarudi, nikaondoka tena mpaka Kindu, ambako hewa ni tulivu asubuhi na hakuna mtu aliyetaka kuitumia. Kila mahali nilianzisha sehemu ya ndege na kila mahali niliiacha kabla sijaona mwisho wake. Mpaka leo nikishuka kwenye gari katika mji nisioujua, kwanza naangalia moshi wa majiko unainama upande gani, nijue upepo. Sijui kazi nyingine ya kunipa tabia ya bure kama hii.

Niliporudi Bukavu kukaa kwa muda mrefu, Papa Cirhuza aliniita nyumbani kwake. Nilimkuta ameketi na mikono chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kushika kitu. Alipoitoa kunisalimia, ilikuwa inatetemeka. Haikuwa baridi wala kilevi. Ilikuwa ugonjwa, wa kuongezeka tu. Mezani palikuwa na ndege mpya. Maman Nsimire, mwenye miwani puani, alikuwa anabandika karatasi juu ya bawa.

"Vuta kidogo kwa kushoto," Papa alisema.

"Nimevuta."

"Hapana, iko na mukunjo."

"Mukunjo iko kwa uso yako." Alipuliza maji kwa mdomo, mvua nyembamba, sawasawa, kuliko nilivyowahi kuweza. Kisha akaniangalia. "Huyu anasema, mie nafanya. Haiko kitu mupya. Sasa tu ndo kunakuwa na karatasi."

Papa alinieleza alichotaka. Miaka yote alikuwa mwenye kukaa mezani, na mwenye kukaa mezani harushi. Alikuwa amefundisha karibu kila mtu aliyewahi kuchukua kombe la jimbo, na yeye mwenyewe hakuwahi kushindana hata mara moja. Sasa alitaka nichukue meza. Yeye atajiandikisha kama mrushaji katika mashindano ya Nyangezi, msimu wa kiangazi unaokuja. Kiwiliwili tunachokiita fuzelaji, elisi na mkia alikuwa amevimaliza mwaka uliopita, wakati mikono bado inamtii. Yalibaki mabawa.

"Mara moja tu," alisema. "Mwaka mwingine sitaweza hata kuishika."

Sikumuuliza juu ya swali la mezani. Alikuwa analijua kuliko mimi. Nilimwangalia Maman Nsimire, naye aliangalia karatasi.

Tulifika Nyangezi ukungu ukiwa bado umelala bondeni. Kiwanja kilikuwa malisho ya ng'ombe, kipana, nyasi zimekauka, milima imekizunguka pande zote ila upande mmoja, unaoshuka kuelekea Ruzizi. Warushaji hawakuwa wengi kama zamani. Delege, mjumbe wa kamati, alikuwa amekuja toka Kinshasa, mtu mpole, koti lake la abakosti limepigwa pasi vizuri kuliko barabara aliyopita. Alitukusanya akasoma karatasi mpya. Tangu mwaka huo, alisema, haitaulizwa tena nani alijenga ndege. Anayetaka anunue, anayetaka ajengewe. Watu wenye muda wa kujenga walikuwa wanapungua, na kamati haikutaka mchezo ufe.

Ilikuwa sababu nzuri. Niliisikiliza na kichwa changu kikawa chepesi, kwa maana niliona kwamba Papa atarusha.

Wa kwanza mezani alikuwa mfanyabiashara wa mafuta ya gari, na ndege iliyotoka Ubelgiji ndani ya sanduku. Ilikuwa nyeupe, haina alama ya kiungio popote. Aliiweka chini kwa uangalifu kama anayeleta sahani kwa wageni, akaniuliza mbele ni upande gani. Nilimwonyesha. Nikapiga muhuri.

Halafu akaja Papa Cirhuza. Maman Nsimire alikuwa nyuma yake, amebeba mabawa ndani ya kitenge. Aliyafungua akayaweka mezani, yakakaa, na jua likapita ndani yake.

"Mwaka huu haiulizwi, Papa," nilisema upesi, nikainua muhuri.

Aliweka kiganja juu ya bawa. Kilitetemeka, na karatasi ikatetemeka nacho, ikitoa sauti ya mvua ndogo juu ya majani ya mgomba.

"Uliza."

"Sheria mupya, Papa. Umesikia."

"Nimesikia. Uliza."

Delege alisogea. "Citoyen Cirhuza, hiyo haiko tena lazima. Rusha tu, Papa. Sisi wote tunakujua."

"Ndo sababu aulize, kwa sababu munanijua."

Bisimwa alikuwa nyuma yake katika mstari, ndege yake chini ya kwapa. Niliweka muhuri mezani, nikauliza.

"Mukono ya nani?"

"Fuzelaji, yangu. Elisi, yangu. Mukia, yangu. Mabawa iko ya muke wangu."

Bisimwa alipiga hatua mbele.

"Papa, acha apige muhuri. Sheria imebadilika."

Papa alimgeukia. "Kwako ilibadilika?"

"Hiyo iko ya zamani."

"Nimekuuliza. Kwako ilibadilika?"

"Hapana," Bisimwa alisema.

"Mudogo wako aliweza kungoja karatasi ya Kinshasa?"

Bisimwa aliangalia chini. "Mie sijakuomba kitu, Papa. Sijasema kitu siku hata moja."

"Najua. Ulinipatia kiti na bia." Papa aliondoa kiganja juu ya bawa. "Toa jina langu," aliniambia. Kisha akampisha Bisimwa, akaenda kukaa nyasini kando ya mke wake, mikono chini ya mapaja.

Nilipiga mihuri iliyobaki bila kuangalia nyuso. Mashindano yalikwenda kama yanavyokwenda. Mfanyabiashara alipata kombe, na hakuna aliyenung'unika. Ndege yake iliruka vizuri sana, na alishangaa kuliko sisi. Delege alimpa mkono, akaomba maji ya kunywa, akaondoka mapema kwa sababu ya njia.

Watu walipoanza kufunga vitu, Papa Cirhuza alisimama. Alimwita Bisimwa.

"Kunja elastiki. Mie siwezi."

Bisimwa aliangalia ile mashine, halafu akaichukua. Aliivuta elastiki mbali, akakunja polepole, akirudi hatua kwa hatua, kama tulivyofundishwa sote. Mafundo yalijaa. Nilitoa krono mfukoni.

"Rudisha," Papa alisema. "Hakuna mashindano."

Akampa Maman Nsimire ndege aishike. Alikataa kwanza; akasema yeye alibandika karatasi, hakuomba kurusha. Papa akamwonyesha jinsi ya kuinua mkono, bila kumgusa, ili asiitikise. Kipanga wawili walikuwa wanazunguka juu ya kona ya kiwanja, hawapigi mabawa. Bisimwa alitoa kiberiti awashe utambi.

"Acha," Papa alisema.

"Papa, hewa iko moto. Bila utambi haitarudi."

"Acha kiberiti. Maman, achia."

Akaiachia. Ilipanda vizuri, mzunguko baada ya mzunguko, elisi ikinguruma kidogo, kisha ikanyamaza na kulala ubavuni. Ndege ilikuwa imefika pale walipo kipanga. Hapo ilipaswa kuanza kushuka. Haikushuka. Ilizunguka nao, ikawa ndogo, jua likipita ndani ya mabawa yale kila ilipogeuka, na polepole hewa ikaisukuma upande ule usio na mlima, kuelekea Ruzizi na nchi ya ng'ambo.

Maman Nsimire aliweka mkono juu ya macho. "Inarudi saa ngapi?"

"Hairudi."

"Hairudi? Na mabawa yangu?" Alikunja kile kitenge chake. "Musimu ya mvua nzima nimepinda mugongo pa meza. Ungeniambia, ningebandika gazeti."

Papa hakucheka. Alikuwa bado anaangalia, ingawa mimi nilikuwa nimeshaipoteza.

"Bisimwa," alisema. "Ile ya mudogo wako ingefika wapi?"

Bisimwa alikuwa na kiberiti mkononi bado. Alikifungua, akakifunga.

"Sijui, Papa," alisema. "Hatukuona."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote juu ya jambo lile, kwa kadiri ninavyojua. Tulirudi Bukavu sote katika kamioni moja, na hakuna aliyeketi karibu na mwenzake.

Baada ya hapo watu walinunua. Msimu mmoja walikuwa wengi kidogo, kisha wakapungua, kwa maana ndege ya kununua ikipotea huna la kufanya jioni ila kuhuzunika. Ile uliyoijenga, jioni hiyo hiyo unaanza kukata mbavu nyingine. Papa Cirhuza hakurudi tena kiwanjani. Alikuja atelie mara chache, akakaa dirishani, akaangalia ziwa. Mwishoni Maman alikuwa anamlisha. Kiwanja cha Nyangezi kimelimwa. Nilipita juzi juzi nikaona mihogo. Nami niliendelea kuangalia moshi.

Papa alipokufa, Bisimwa alikuja toka Katana kwa matanga, nywele zimekuwa nyeupe. Alibeba kitu ndani ya shuka la hospitali. Alinivuta pembeni, akafungua: mabawa mawili, karatasi imegeuka rangi ya chai, lakini bado haina mkunjo hata mmoja. Alisema fuzelaji ililiwa na mchwa. Alitaka kuyaweka kaburini, kisha akaona haifai, kwa kuwa Papa hakuwahi kuyapokea. Nikamwambia yawekwe atelie. Yakawekwa juu ya kabati la gundi, mahali pasipo na unyevu, na hapo ndipo mliyakuta.

Yatazameni kwa karibu. Mabawa yote ya zamani ya sehemu yetu yana muhuri karibu na ubavu wa katikati, haya hayana. Hayakuruka hata mara moja. Yagongeni kwa ukucha, polepole, na mtasikia kwamba bado yanalia. Vitanda vyenu mtavipatia nafasi nyingine.

Na kama atakuja mtu, mkubwa au mgeni, akauliza ni kazi ya nani, mwambieni ni mkono wa kijana wa Katana aliyefanya kazi akiwa amelala, akingoja kaka yake arudi amwambie iliendaje. Jina lake siwezi kuwapa. Siku ile, mezani, tulimuuliza kaka yake maswali yote ya sheria, na hilo halikuwamo.